Skauti 24, Coaster moja na vituo vitano: ushauri kwa mlezi anayepanga safari ya milimani likizo ya Juni

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kibaha na ni mlezi wa skauti. Kundi langu lina vijana 24, wavulana 14 na wasichana 10, wa miaka 12 hadi 16. Likizo ya Juni tunataka kukodi Coaster tuzunguke milima kwa siku nane: Amani, Lushoto, Mtae, Same, kisha Marangu, na vijana wenyewe wanatamani wafike Horombo, kambi ya juu kwenye Mlima Kilimanjaro. Wengi hawajawahi kulala nje ya kwao. Wazazi wameshaanza kuchanga. Mkuu wa shule ananiuliza kama tutawarudisha watoto wote wakiwa wazima. Nimjibu nini?"

Marahaba, Mwalimu. Mjibu mkuu wako kwamba inawezekana, ila ratiba hiyo ikatwe nusu. Kibaha hadi Moshi na kurudi ni zaidi ya kilomita 1,000, na hapo hujapanda kona hata moja ya Soni, kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Ukiweka vituo vitano ndani ya siku nane, watoto watakuwa wanakunja hema kila asubuhi na kulikunjua gizani kila jioni, na mlima watauona kupitia dirisha. Zaidi ya yote, dereva atachoka.

Hapo kwenye dereva ndipo ninapotaka tukae kwanza. Nilikuwa dereva wa milimani kabla ya kuwa mkufunzi wa skauti, na zaidi ya miaka 20 sasa napeleka vijana Usambara, Upare na Kilimanjaro. Wazazi huniuliza habari za nyoka, maporomoko na watoto kupotea msituni. Ni wachache sana wanaouliza habari za breki. Kumbe watoto wenu watakuwa hatarini zaidi wakiwa wamekaa kwenye viti, wakiimba, kati ya Lushoto na Mombo.

Acha nikueleze kwa nini. Coaster iliyojaa watu na mizigo ina uzito wa tani tano hivi. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini yake kwa zaidi ya mita 900. Kuzuia uzito huo usiporomoke katika zile kilomita 33 za kona kunazaa joto linaloweza kuchemsha zaidi ya lita mia moja za maji. Joto hilo lina njia mbili. Dereva akitumia gia ndogo, injini inalibeba sehemu kubwa na kulitoa taratibu. Akitegemea breki, lote linaingia kwenye magurudumu. Breki zikishika moto sana zinapoteza mshiko. Mafuta ya breki nayo, hasa yaliyokaa miaka bila kubadilishwa na kunyonya unyevu, yanachemka na kuingiza mapovu ya mvuke kwenye mabomba. Hapo dereva anakanyaga pedali na mguu unazama mpaka chini pasipo gari kupunguza mwendo.

Yalinikuta. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nashuka na kundi la vijana kwenye gari la kukodi. Tulipokaribia Soni nikasikia harufu, ile ya kitu kinachoungua ambayo ukiinusa mara moja huisahau tena. Dereva alikuwa kijana mpole, hodari wa barabara ya tambarare, na tangu Lushoto mguu wake ulikuwa juu ya breki. Nilimwomba asimame palipokuwa na nafasi, utingo akaweka mawe nyuma na mbele ya matairi, tukawashusha watoto wote upande wa mlima, mbali na barabara. Tulikaa zaidi ya saa nzima. Mtu mmoja alileta ndoo ya maji apoze magurudumu, nikamzuia, kwa sababu chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Kiache kipoe chenyewe. Tulifika Mombo salama kwa gia namba mbili. Tangu siku hiyo sikodi gari kabla ya kuzungumza na mtu atakayekaa nyuma ya usukani, yeye mwenyewe, wala si tajiri wake.

Kwa hiyo kabla hujapokea mchango mwingine, kaa na dereva umwulize: "Soni unaishukaje?" Akikujibu kwamba anashuka na gia aliyopandia, namba mbili au tatu, na breki anaigusa na kuiachia, huyo ni wako. Akikuambia anaweka nyutro ili kuokoa mafuta, mshukuru, muage, tafuta mwingine. Mwulize pia mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Miaka miwili ikipita bila kubadilishwa, yabadilishwe kabla ya safari hata ikibidi mchangie gharama. Tazama matairi kwa macho yako, pamoja na la akiba. Gari liwe na kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha safari ya kukodi, na omba polisi wa usalama barabarani walikague siku moja kabla ya kuondoka. Ni haki yako kuomba, nawe usione haya.

Dereva apewe kitanda. Naandika hivi kwa sababu nimeona makundi mengi mazuri, yenye walezi wenye upendo, yakimwacha dereva alale kwenye kiti cha gari ili alinde mizigo, kisha asubuhi wanamkabidhi roho za watoto wao. Mwekee chumba, chakula chake na siku za kupumzika. Ukiweza kupata dereva wa pili wa kupokezana naye siku ya kwenda na ya kurudi, bora zaidi. Na msitembee usiku hata kidogo, hata mkichelewa, hata kama mmebakiza kilomita 40. Mkikutwa na magharibi njiani, tafuteni shule au misheni, ombeni darasa mlale.

Jambo la gari halijaisha. Vijana 24 na watu wazima wanne ni watu 28, Coaster imejaa. Mizigo je? Utasema juu ya paa. Mahema, masufuria na mabegi 28 juu ya paa yanalifanya gari liyumbe kwenye kona, na kona za Soni si za kuyumbia. Kodi pikapu ndogo ibebe mizigo na itangulie. Pikapu hiyo ndiyo itakayokuwa gari lenu la wagonjwa huko kambini, maana mtoto akiumia saa tano usiku hutaki kuamsha Coaster nzima. Pesa za pikapu utazipata kwa kufuta Amani na Mtae.

Najua kufuta Amani kunauma. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, msitu wa Usambara Mashariki, lile ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani, aliliona Tanga mwaka 1892 na leo linapamba madirisha ya nyumba Ulaya nzima: yote hayo ni ya kuonwa. Lakini Amani inapandiwa kutoka Muheza, upande mwingine kabisa, na mvua za kule hazimsubiri mtu. Ipeni safari yake mwaka mwingine. Mtae nayo ni mbali kutoka Lushoto kwa njia ya vumbi ambayo ukungu ukishuka inageuka sabuni. Mtazamo wa aina ile ile mtaupata Irente kwa miguu.

Basi ratiba yako iwe na kambi mbili tu. Siku nne za mwanzo Lushoto, siku tatu Marangu, na usiku wa mwisho njiani.

Siku ya kwanza ondokeni Kibaha kukipambazuka, saa 12 asubuhi, mpite Chalinze na Segera, mle chakula cha mchana Korogwe. Chakula hicho kiwe chepesi. Ndizi, mkate, chai ya tangawizi. Waambie mapema kwamba chipsi na soda vitarudi vilikotoka kabla ya Soni. Wanaojijua kwamba hutapika wakae mbele, watazame nje, mbali, na simu zifungwe, kwa sababu jicho likisoma kitu kisichotembea huku mwili unatupwa kulia na kushoto, tumbo linachafuka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo wengi hujikuta hawana kitu cha kumkingia mtoto. Chukueni vindoo vidogo vyenye mifuniko, kimoja kwa kila safu mbili za viti, na maji ya kusuuza. Simameni Soni dakika 20, watoto wanyooshe miguu, waone maporomoko. Mkifika Lushoto saa tisa alasiri mtakuwa na mwanga wa kutosha kusimamisha mahema.

Halafu baridi. Mtoto wa Kibaha akisikia neno "baridi" anafikiria kiyoyozi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi, na Juni ni kipupwe, kwa hiyo usiku wa Lushoto unaweza kukaribia nyuzi 10. Kila mtoto awe na sweta, soksi mbili za kulalia ambazo hazitavaliwa mchana, kofia na blanketi zito. Na kitu cha kutandika chini kiwe kinene kuliko cha kujifunika. Watu wengi hukosea hapo: wanarundika mablanketi juu na chini wanaweka turubai tupu, ardhi inawanyonya joto usiku kucha. Majani makavu chini ya turubai, magunia, mikeka miwili miwili, chochote. Mtoto akiloa mvua au ukungu abadilishwe nguo mara moja, hata akikuambia yuko sawa.

Mwalimu, sasa nakuomba usome hapa taratibu. Jiko la mkaa lisiingie hemani. Lisiingie hata likiwa limebaki majivu mekundu. Lisiingie darasani mkilala darasani na madirisha yamefungwa. Baridi ikibana, mtu mwenye huruma, pengine mmoja wa walezi, atasema "tuwawekee watoto kajiko kadogo". Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta anasinzia tu, haamki. Si lazima moshi uonekane. Kila usiku mtu mzima mmoja, kwa jina, awe na kazi ya kuhesabu majiko na kuyapanga nje, mbali na mahema, kabla ya filimbi ya kulala. Nimekufundisha mengi humu, lakini kama ungekumbuka mawili tu, ningetaka yawe gia na jiko.

Mahali pa kupiga kambi Lushoto hapakosekani. Shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri linapokea wageni, na shule nyingi zinatoa uwanja mkiandika barua mapema. Pelekeni barua pia kwa mkuu wa wilaya na kituo cha polisi, na kwa kamishna wa skauti wa wilaya ile, ili watu wajue mko wapi. Hospitali ya wilaya iko mjini Lushoto. Mkiwa Marangu, hospitali kubwa ni KCMC Moshi.

Kuhusu ugonjwa, kuna kosa moja linalojirudia. Mtoto anashikwa na homa siku ya pili au ya tatu, anatetemeka, na kila mtu anasema ni baridi ya mlimani. Huenda ni malaria aliyokuja nayo. Vimelea hukaa mwilini siku saba na zaidi baada ya mbu kuuma kabla ya homa kutokea, kwa hiyo mbu aliyemwuma yuko Kibaha, na mlima hauna kosa. Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo kwenye zahanati iliyo karibu. Usimpe dawa ya maumivu ukasubiri kuona kutakucha vipi. Chukua pia kutoka kwa wazazi, kwa maandishi, nani ana pumu, nani ana selimundu, nani ana kifafa, nani anakojoa kitandani. Hilo la mwisho liulize kwa siri na ulishughulikie kwa siri, kwa sababu mtoto mmoja akiaibishwa usiku wa kwanza safari yake imeisha. Kuhusu selimundu, baridi na hewa nyepesi ya juu vinaweza kumletea mtoto maumivu makali. Huyo aonane na daktari wake kabla hajaandikwa kwenye orodha, na hata akiruhusiwa kuja Lushoto, njia ya Mandara nitakayoieleza huko mbele asiipande.

Tuje kwenye kambi yenyewe. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea Agosti 1907, aliwagawa wavulana wasiozidi ishirini na kitu katika vikosi vinne, kila kikosi na kiongozi wake kijana, akawaachia kazi. Mpango huo haujapitwa na wakati. Watoto 24 ni vikosi vinne vya watoto sita, viwili au zaidi vikiwa na viongozi wasichana. Kila kikosi kiwe na sufuria yake, mafiga yake, bajeti yake ya sokoni. Usiajiri mpishi. Najua wazazi watashangaa: wamechanga, kisha watoto wao wanapika wenyewe? Ndiyo, na ugali wa siku ya kwanza utakuwa mbichi katikati. Wa siku ya tatu utalika. Soko la Lushoto lina kabichi, karoti, viazi, pea na plamu ambazo watoto wa Pwani wamezizoea zikiwa zimesafiri siku mbili kwenye lori. Wacha wakazione kwa mama anayezilima, wabishane naye bei kwa adabu, wajifunze salamu ya Kisambaa kutoka kwake.

Kidokezo cha jikoni: kwenye mwinuko wa Lushoto maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo maharage hayaivi kama ya nyumbani. Yaloweke usiku mzima, na uwe na kuni za ziada. Nimeona vikosi vinalala njaa saa nne usiku kwa kungojea maharage ambayo yangeiva kama yangelowekwa tu. Kuni zenyewe nunueni kijijini. Msikate msituni hata tawi.

Msitu wa Magamba unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Lipeni kiingilio, chukueni mwongozaji wa pale pale, mtembee kimya kimya asubuhi. Kundi la watoto 24 wanaopiga kelele halimwoni mbega hata mmoja. Kikosi cha watoto sita kinachonyamaza kinaweza kuona familia nzima ikiruka juu. Wagawe basi, vikosi viwili siku moja, viwili siku nyingine, na waliobaki waende Irente.

Irente ni kilomita kama sita kutoka mjini, mwendo wa saa mbili kwa watoto. Ukifika ukingoni ardhi inakatika, na chini kabisa unaona Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyonyooshwa kama mistari ya daftari, barabara kuu kama uzi, kisha nyika ya Wamasai mpaka macho yachoke. Hapo weka sheria moja: hakuna anayesimama ndani ya mita tano kutoka ukingo. Anayetaka kuchungulia analala kifudifudi, mmoja mmoja, mtu mzima akimshika miguu. Hakuna picha za kuruka. Sema hivyo mapema, kabla hamjafika, kwa sababu mkishafika hakuna atakayekusikiliza.

Jioni moja alikeni mzee wa kijiji aje motoni. Mwulizeni habari za Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, na enzi ya ukoo wake wa Wakilindi pale Vuga, na kwa nini Lushoto iliwahi kuitwa Wilhelmstal. Mwulizeni pia habari za matuta. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kulima matuta mashambani ili kuzuia udongo kuporomoka, kwa amri na faini, na watu walikataa mpaka mpango ukaachwa. Watoto wako watakuwa wamepita mchana kutwa kwenye miteremko hiyo hiyo. Waache wao waulize kama matuta yalikuwa mabaya au amri ndiyo ilikuwa mbaya. Mara ya mwisho niliposikia mazungumzo hayo, wasichana wawili wa miaka 14 walibishana na mzee mpaka moto ukazimika, naye mzee alifurahi kuliko wote.

Siku ya tano shukeni asubuhi, breki zikiwa baridi na dereva amelala vizuri. Nusu ya watoto ningewashusha kwa miguu kipande cha kwanza kama kingekuwa na njia salama ya pembeni, lakini hakina, basi kaeni ndani, mikanda ifungwe. Mkishapita Mombo kuelekea Same, waambie watazame kulia juu. Ule ukuta wa mawe ndiko walikolala kifudifudi juzi.

Kipande hicho cha barabara watoto huona kinachosha: joto, vumbi, vichaka vya miiba. Mimi hukipenda kuliko vyote. Upepo wa bahari unamwaga mvua yake upande wa mashariki wa Usambara na Upare, na unapovuka milima umeshakauka, ndiyo maana juu kuna migomba na chini, kilomita chache tu, kuna mibuyu. Wapare walilijibu tatizo hilo kwa ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe yaliyojengwa juu ya mashamba. Usiku maji ya kijito yanajaa humo, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu kupitia mifereji. Kila ukoo unajua siku yake. Coaster yenu haitapanda kwenye ndiva, lakini simameni Same mle, mnywe maji mengi, uwasimulie. Kwa sababu Marangu watakuta mifereji ya Wachaga ikipita kando ya migomba, na wataelewa wenyewe kwamba watu wa milima hii wote walikuwa mafundi wa maji.

Sasa Horombo. Hapana, Mwalimu. Horombo iko mita 3,720, na watoto wako wameishi karibu na usawa wa bahari maisha yao yote. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuwashika watu kuanzia mita 2,500 hivi: kichwa kinagonga, tumbo linakataa chakula, mtu anapepesuka. Haujali umri wala ushujaa, na dawa yake ya kweli ni kushuka. Kufika Horombo kunahitaji kulala njiani, wapagazi, nguo ambazo hamna, na ada ambazo zitakula safari nzima. Waambie watoto ukweli huo mapema, nyumbani, wasije wakavunjika moyo getini.

Badala yake waombeeni KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa barua ya shule, mpande siku moja tu kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara. Lango liko mita 1,879, Mandara mita 2,720, njia ni kilomita nane ndani ya msitu wenye unyevu, ndevu za miti zikining'inia. Kurudi ni nane nyingine. Kwa mtoto wa miaka 12 hiyo ni siku kamili. Anzeni saa mbili asubuhi. Saa saba mchana, popote mtakapokuwa, mnageuka. Hata kama mmebakiza kona mbili. Saa hiyo itangaze asubuhi mbele ya wote, na umpe kiongozi wa kikosi mmoja saa ya mkononi aitunze yeye, akutangazie wewe. Kijana anayetangaza saa ya kugeuka hatakuomba muendelee. Anayetembea polepole kuliko wote atangulie mbele, wengine wafuate mwendo wake. Mbioni hakuna.

Huko juu, mkipumzika, wakumbusheni kwamba usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru mpaka kileleni, mita 5,895. Watoto wanaouona mwenge kila mwaka ukipita shuleni hawajui kwamba mlima ulikopandishwa mwenge ule ni huu walio nao miguuni.

Neno moja juu ya usalama wa aina nyingine. Una wasichana 10, kwa hiyo walezi wanawake wawe angalau wawili kati ya wanne. Wasichana mahema yao, wavulana yao, walezi yao, wala mtu mzima asilale hema moja na watoto. Hakuna mtu mzima anayebaki faragha na mtoto mmoja, awe mlezi, dereva, mwongozaji au mchungaji mliyemwomba uwanja. Wawili daima. Waeleze watoto sheria hiyo nao, waijue kama wanavyojua ahadi yao, na waambie wakisikia vibaya wamwambie nani. Beba pedi za kutosha, ziwe mahali ambapo msichana anachukua bila kuomba.

Kurudi, msijaribu kutoka Marangu hadi Kibaha kwa siku moja. Ndiyo siku ambayo kila mtu amechoka, dereva anawaza nyumbani kwake, na malori yamejaa kuanzia Segera. Ondokeni Marangu siku ya saba baada ya chai, mlale Korogwe, mfike Kibaha siku ya nane mchana, wazazi wakiwa wanawaona mnavyoingia. Kabla mtoto yeyote hajakimbilia kwa mama yake, vikosi vipange mstari kando ya gari, kila kiongozi ahesabu sita wake, aseme kwa sauti wamekamilika, ndipo uwaruhusu.